Miguu Ilitushughulisha, Moyo Tukausahau

Mpenzi msomaji, kama nyumbani kwako yumo mtoto ambaye misuli yake inadhoofika mwaka baada ya mwaka, au unaye jirani mwenye mtoto wa namna hiyo, naomba tukae pamoja kidogo Jumapili hii. Mimi si daktari wala muuguzi. Ni mama wa watoto watatu, muuza nguo za watoto hapa jijini Nairobi, na haya nitakayokusimulia niliyajua kwa kuchelewa. Wewe sikutakii kuchelewa.

Kifungua mimba wangu alizaliwa mwaka 2008. Alikawia kutembea, lakini ni mama gani ambaye hajaambiwa kwamba watoto wa kiume hukawia? Alipoingia darasa la kwanza mwaka 2014 ndipo nilipoona mambo hayaendi sawa. Alianguka ovyo ovyo. Akitaka kuinuka kutoka sakafuni alijishika magoti kwanza, kisha akajipanda mapaja kwa mikono yake mwenyewe, mfano wa mtu apandaye mnazi. Vigimbi vyake vilikuwa vinene na vigumu, hata babu yake akafurahi kwamba amepata mchezaji kandanda. Kumbe unene ule haukuwa nguvu. Yalikuwa mafuta na makovu yaliyochukua mahali pa misuli.

Daktari wa watoto aliagiza damu ipimwe, kisha akatuketisha mimi na mume wangu. Alisema mtoto wetu ana ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli wa aina ya Duchenne, jina la daktari Mfaransa aliyeuchunguza katika karne ya 19. Mwili wenye afya hutengeneza protini iitwayo distrofini, ambayo kazi yake ni kuulinda ukuta wa kila chembe ya msuli usipasuke wakati msuli unapojikaza na kujilegeza. Mwili wa mwanangu hauitengenezi. Kila anaponyanyua mkono, kila anapopiga hatua, misuli huchanika kidogo kidogo na haiponi vizuri. Ugonjwa huu humpata karibu mvulana 1 kati ya kila 5,000 wanaozaliwa. Wasichana huupata kwa nadra sana, kwa sababu jeni yenye hitilafu imo katika kromosomu ya X, nao wanazo mbili. Moja ikiharibika, ya pili huokoa.

Kabla hatujatoka, daktari yule alituambia jambo moja ambalo nalikumbuka sasa kama jana. "Baba, Mama," alisema, "msiitazame miguu peke yake. Kila mwaka mleteni apigwe picha ya moyo, hata akiwa halalamiki."

Tuliitika. Na kweli mwaka ule na mwaka uliofuata tulimpeleka akapigwa eko, ile picha ya moyo inayotumia mawimbi ya sauti. Moyo ulikuwa sawa. Mwaka wa tatu karo ilitukaba, tukasema mwakani. Mwakani tukahama kutoka ghorofa ya nne kwenda nyumba ya chini, maana baba yake alikuwa akimbeba mgongoni asubuhi na jioni na mgongo wenyewe umeanza kulia. Mwaka 2019 miguu ilikataa kabisa, na kina mama wa chama chetu wakachanga tukanunua kiti cha magurudumu. Mwaka 2020 ikaja korona, nani angekwenda hospitali kwa hiari? Basi miaka ikapita. Miguu ilitushughulisha, moyo tukausahau.

Nataka nikuulize swali, msomaji. Je, ulijua kwamba moyo nao ni msuli? Mimi nilikuwa najua, kwa namna ile tunayojua mambo ya darasani na kuyaacha huko huko. Sikuwahi kuwaza kwamba ukosefu ule ule wa distrofini uliomwangusha mwanangu uwanjani ulikuwa ukiuchanja moyo wake mchana na usiku, maana moyo ndio msuli usiopumzika.

Zamani watoto wengi wenye maradhi haya walifariki kabla moyo haujaonyesha udhaifu wake, kwa sababu misuli ya kupumulia ilitangulia kushindwa. Huko Newcastle, Uingereza, madaktari walipiga hesabu ya wagonjwa wao. Katika miaka ya 1960 walikuwa wakifariki wakiwa na wastani wa miaka 14. Waliosaidiwa na mashine ya kupumulia usiku tangu mwaka 1990 walifika wastani wa miaka 25. Hiyo ni rehema kubwa. Lakini vijana walipopata umri zaidi, moyo nao ukapata muda wa kuchoka, na siku hizi ndio unaowaua wengi wao.

Mwaka 2023, kijana akiwa kidato cha pili, alianza kuisukuma sahani. Alisema tumbo linamuuma. Usiku hakulala vizuri. Nikampa dawa ya minyoo. Haikusaidia, nikasema ni vidonda vya tumbo, nikapunguza pilipili na maharagwe. Hebu niambie, wewe ungefikiri moyo? Mtu mwingine moyo ukimchoka utamwona akihema anapopanda ngazi. Kijana aliyeketi kwenye kiti hapandi ngazi, hakimbii, kwa hivyo hahemi. Dalili zake hujificha tumboni, katika usingizi na katika hamu ya chakula.

Mwezi Julai tulimpeleka kwa bingwa wa moyo. Alimpaka mafuta kifuani, akatazama kioo chake kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akatueleza kwamba moyo wenye afya husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyo katika chumba chake cha kushoto kwa kila pigo. Wa mwanangu ulikuwa ukisukuma 30 kwa 100. Aliuliza eko ya mwisho ilipigwa lini. Mume wangu alinitazama, nami nikatazama sakafu.

Tulipewa dawa za kuupunguzia moyo mzigo, nyingine ni zile zile anazomeza mzee mwenye presha. Daktari akasema jambo lililonichoma: kwa vijana wa Duchenne, dawa hizo hushauriwa zianzwe wafikapo miaka 10, hata moyo ukiwa bado mzima. Wetu alikuwa na miaka 15.

Tukiwa ndani ya matatu kurudi nyumbani, tuliafikiana mimi na baba yake tumwambie ni dawa za kuongeza nguvu. Tuliona ameshabeba mengi. Lakini wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi kilio humfichua.

Bila shaka unaukumbuka usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani. Sisi tulikuwa sebuleni na mshumaa mmoja. Wadogo zake walikuwa wamelala. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea, alikuwa akisinzia kochini. Kijana akasema polepole, "Mama, moyo wangu una nini?"

Nikamwambia hauna neno.

"Mama, nimesoma majina ya dawa kwenye simu. Hizi si za kuongeza nguvu. Ni za moyo kushindwa."

Sikuwa na la kujibu. Baba yake alikohoa tu. Kijana akaendelea, na sauti yake haikuwa ya hasira. Alisema amesoma habari za mvulana wa Italia, mwenye ugonjwa wake huu huu na umri wake huu huu wa miaka 15, aliyewekewa pampu ndani ya kifua katika hospitali ya watoto ya Bambino Gesù, Roma, tarehe 30 Septemba 2010. Madaktari wakiongozwa na Antonio Amodeo walifanya kazi ile kwa muda wa saa 10 hivi. Mvulana yule hakuweza kuwekwa kwenye orodha ya kupewa moyo wa mtu mwingine, kwa kuwa mioyo ni michache na ugonjwa wa misuli ulimwondoa. Pampu ndiyo iliyobaki.

"Inatumia betri," kijana akasema. "Betri unaifunga kiunoni, usiku unaichaji kama simu." Akaangalia simu yake, ambayo ilikuwa inakaribia kuzima. "Sasa, Mama, stima ikipotea kama leo?"

Mama mkwe wangu, kumbe hakuwa amelala. Alisema, "Mjukuu wangu, kwa nini hawa walikuficha?" Kijana akamjibu, "Waliogopa, Nyanya. Lakini moyo ni wangu. Wangeniuliza."

Msomaji, nimewahi kukemewa na wakubwa wengi. Hakuna aliyenikemea nikanywea kama usiku ule.

Tulirudi kwa daktari juma lililofuata, na safari hii aliyezungumza ni mwenye moyo. Alikuwa ameandika maswali yake kwenye daftari. Daktari, Mungu ambariki, aliligeuza kiti chake akamwelekea yeye, sisi wazazi akatuacha pembeni.

Alimweleza kwamba pampu ya namna hiyo haiuondoi moyo. Moyo hubaki mahali pake. Pampu hufungwa kwenye chumba cha chini cha kushoto, ikaifyonza damu na kuisukuma kwenye mshipa mkuu unaolisha mwili. Ile ya mvulana wa Roma iliitwa Jarvik 2000. Ilikuwa na uzito wa gramu 90 tu, ndogo mfano wa betri ya tochi, na ndani yake mna pangaboi inayozunguka kati ya mara 8,000 na 12,000 kwa dakika. Kwa kuwa inazunguka badala ya kupiga, mpigo wa damu unaweza kupungua hata muuguzi akishika kifundo cha mkono asiusikie, ingawa mtu yu hai na anaongea naye.

Na waya wa umeme je? Katika pampu nyingi hutokea tumboni, na tundu lile ni mlango wa vijidudu maisha yote. Wa Jarvik 2000 ungeweza kupitishwa chini ya ngozi hadi nyuma ya sikio, mahali penye damu nyingi panapopona upesi. Njia hiyo ilitumiwa Oxford, Uingereza, mwaka 2000 kwa mzee aitwaye Peter Houghton, ambaye moyo wake ulikuwa umekwisha nguvu. Aliishi na pampu yake zaidi ya miaka 7, hadi mwaka 2007.

Kijana akauliza, "Na wenye Duchenne walioiweka, waliishi?"

Daktari hakumpamba. Alisema baada ya Roma, hospitali chache za Italia na Marekani ziliwawekea vijana wengine. Mwaka 2014 madaktari wa Cincinnati waliandika habari za wagonjwa wao ili wenzao wajifunze. Wako walioongezewa miaka, wakarudi nyumbani na kwenye vitabu vyao. Wako pia waliofariki kwa maambukizi ya mapafu, au kwa kutokwa na damu. Maana mwenye pampu lazima anywe dawa ya kuzuia damu isigande ndani ya mtambo. Damu ikiwa nyepesi mno huvuja, ikiwa nzito mno huleta kiharusi, kwa hivyo hupimwa mara kwa mara. Tena pampu husaidia upande wa kushoto tu, wa kulia ukishindwa kuna shida nyingine. Na kijana wa Duchenne ana mapafu dhaifu na huenda uti wake wa mgongo umepinda. Kumtia nusukaputi ni hatari, na kumwondoa kwenye mashine ya kupumulia baada ya upasuaji huweza kuchukua siku nyingi.

Hata mitambo yenyewe si ya milele. Pampu moja iliyopendwa kwa wagonjwa wenye miili midogo, HVAD, iliondolewa sokoni na kampuni ya Medtronic mwezi Juni 2021, ilipoonekana kwamba waliokuwa nayo walipata kiharusi zaidi ya wenye nyingine, na kwamba wakati mwingine ikizimika ilikataa kuwaka. Iliyobaki mbele ni HeartMate 3, ambayo gurudumu lake huelea kwa nguvu ya sumaku bila kugusana na kitu. Marekani iliiidhinisha kwa watoto mwishoni mwa mwaka 2020.

"Swali la mwisho," kijana akasema. "Betri zinabadilishwa kwa mikono. Mikono yangu haiwezi kufungua hata kifuniko cha chupa. Nani atanibadilishia?"

"Mimi," nikadakia kabla daktari hajafungua kinywa.

"Na wewe ukiwa sokoni, Mama? Na wewe ukilala?"

Daktari akasema hilo ndilo swali ambalo hospitali hizo huuliza kwanza. Kijana kama yeye hawekewi pampu peke yake. Familia nzima hufunzwa kubadilisha betri, kufunga kidonda na kujua maana ya kila kengele, na lazima awepo mtu karibu naye saa zote. Kisha akatwambia ukweli uliobaki: gharama ni mamilioni ya shilingi, na kwa familia kama yetu pampu hiyo iko mbali. Pia moyo wa mwanangu haukuwa umefika mahali pa kuihitaji. Kazi ilikuwa kuuzuia usifike huko.

Ulidhani kijana atalia? Alifunga daftari lake. Alisema kama siku moja itapatikana, na mapafu yake yakiwa yanaruhusu, angependa aulizwe tena, na jibu lisiandikwe na mtu mwingine. Kwa wakati ule alitaka mambo mawili: ameze dawa zake akijua ni za nini, na afike kidato cha nne. Januari 2025 alifika.

Kuna jambo jingine daktari alilitoa siku ile, nalo ni langu. Unakumbuka nilikwambia jeni hii imo katika kromosomu ya X. Mtoto wa kiume hupata X yake kwa mama. Mwaka 2014 mama mkwe wangu alisema ukoo wao hauna maradhi hayo, tuangalie kwetu. Nililibeba neno lile kama kuni mbichi kwa miaka tisa. Daktari alieleza kwamba katika karibu theluthi moja ya watoto hitilafu huanza kwao wenyewe, mama hanayo kabisa. Na mama aliye nayo hakuichagua, wala hakuila, wala hakuitenda. Nilipimwa, nikaonekana ninayo. Hapo nikaambiwa kwamba wanawake wa namna yangu, ingawa miguu yetu ni mizima, mioyo yetu nayo yaweza kudhoofika, na yafaa ipigwe eko kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Wangu ulipimwa ukaonekana mzima. Jioni ile nilimweleza mama mkwe. Alinyamaza sana, kisha akasema, "Mwanangu, nisamehe. Nilidhani nalinda jina la watu." Tangu hapo yeye ndiye mwenye kalenda. Tarehe ya eko ikikaribia, simu yake hutangulia.

Eko iliyofuata, mwaka 2024, ilionyesha 36 kwa 100. Si ushindi wa kupigia vigelegele, na daktari alituonya kwamba dawa huchelewesha tu, haziponyi. Lakini tumbo liliacha kumuuma, na sahani yake inarudi jikoni tupu.

Basi, mpenzi msomaji, sitaki ufunge ukurasa huu ukidhani nimekuja kukusifia mtambo wa Ulaya usioweza kuununua. Habari ya mvulana wa Roma ilitufaa kwa sababu ilitulazimisha kuutazama moyo, na ilimpa mwanangu maneno ya kuuliza alichokuwa akikiogopa peke yake gizani. Pampu ni ukuta unaojengwa ufa ukishapasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu wengi wetu hatuna mawe yake.

Kama unaye mtoto wa namna hii, mpigishe eko tangu siku ugonjwa unapojulikana, kisha kila mwaka, awe analalamika au halalamiki. Akikaribia miaka 10, muulize daktari kuhusu dawa za moyo. Usingoje akwambie yeye. Akikosa hamu ya chakula, tumbo likamuuma, usingizi ukamkimbia, usikimbilie dawa ya minyoo kama nilivyofanya mimi. Mama, nawe jipime. Na mtoto akifika umri wa kuuliza, mjibu. Ukimnyima ukweli ataupata kwenye simu, usiku, akiwa peke yake, na hutakuwapo kumshika mkono.

Sisi tulibahatika. Yeye alituuliza tukiwa sote sebuleni, na mshumaa ulikuwa haujaisha.